Mpya kwa nani? Niliyowaambia wanafunzi wa sayansi ya chakula

Haya ni maandishi ya hotuba niliyoitoa Morogoro mbele ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Nimeondoa vikohozi, pamoja na sehemu ambayo projekta ilizima.

Shikamooni walimu wangu. Wanafunzi, hamjambo? MC ameninong'oneza kwamba nina dakika arobaini na kwamba baada yangu ni chai, kwa hiyo sina haja ya kujidanganya kuhusu kinachowaweka kwenye viti hivyo.

Nimeombwa nieleze kazi yangu. Kitambulisho kinasema afisa usalama wa chakula. Kwenye ukoo wetu natambulika kama yule mtoto wa Bukoba aliyeenda Dar kukataza watu kuuza vitu. Yote mawili yana ukweli wake, lakini hayawaonyeshi ninachofanya kuanzia asubuhi hadi jioni, kwa hiyo nianzie kwenye meza yangu.

Asali ina kiwango chake. Maziwa yana kiwango chake. Unga wa mahindi, mafuta ya alizeti, maji ya chupa, kila kimoja kina karatasi inayosema unyevu usizidi hapa, bakteria wasizidi pale. Mtu akileta maombi ya kusajili bidhaa ya namna hiyo, afisa anachukua kiwango, anachukua majibu ya maabara, anavilaza ubavu kwa ubavu na kusoma. Sasa anakuja mama na unga wa uji wa mtoto uliochanganywa na nyenje waliosagwa. Anakuja kijana na vidonge vya mwani. Anakuja mwagizaji na protini iliyotengenezwa na kuvu ndani ya tangi. Hakuna karatasi ya kulaza pembeni. Jalada linazunguka meza tatu nne, kila mmoja akilisukuma kwa adabu, mpaka linatua kwangu. Ni mwaka wa kumi na nne huu napokea majalada yasiyo na kwao.

Wenzetu wa Ulaya wameyapa majalada hayo jina la kisheria, vyakula vipya, na wakaweka na tarehe. Sheria yao ya mwaka 1997, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ile ya 2015 iliyoanza kutumika Januari 2018, inauliza: je, chakula hiki kilikuwa kikiliwa na watu kwa kiasi cha maana ndani ya Umoja wa Ulaya kabla ya tarehe 15 Mei 1997? Kama hakikuwa, ni kipya, na kitaomba ruhusa kabla hakijafika dukani. Haijalishi kama Lindi au Lima wamekila tangu enzi za mababu.

Nilikwenda kutazama kalenda. Tarehe 15 Mei 1997 ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa darasa la tano. Mwezi wa tano kwetu ni mwisho mwisho wa senene wa masika, wale panzi wa kijani tunaowala, na ingawa siwezi kuapa kwamba siku ile mama alikuwa na sufuria ya senene jikoni, wiki ile hawakukosekana. Kumbe nilikuwa mtoto wa shule ninayekula chakula kipya, na hakuna aliyeniambia.

Mnacheka, lakini ngojeni ubuyu. Mwaka 2008 Tume ya Ulaya ilitoa kibali cha kuuza unga wa tunda la mbuyu kama kiambato kipya cha chakula. Maombi yalipelekwa Uingereza mwaka 2006 na shirika la wafanyabiashara wa mazao asilia wa kusini mwa Afrika, PhytoTrade Africa, na ikachukua karibu miaka miwili. Ubuyu! Ule tulioununua nje ya geti la shule kwa shilingi ishirini, tukarudi darasani ndimi nyekundu, mwalimu akatujua wote.

Niliposoma kibali kile kwa mara ya kwanza nami nilicheka. Nilipofika katikati kicheko kikapungua. Wale watu walikuwa wakiuliza mambo ambayo sisi tulioukulia ubuyu hatukuwahi kuuliza. Mlaji atakula gramu ngapi kwa siku? Unga unakaushwaje, unakaa muda gani? Ndani yake kuna nini zaidi ya ule ukali unaotutoa mate? Nikafikiria ubuyu wetu wa mtaani: sukari, iliki, pilipili, na ile rangi. Tunda ni lilelile la miaka yote. Rangi ndiyo ngeni, imetoka kwenye kifuko kisicho na jina, na kwa miaka yote hii hakuna mtu aliyeniletea jalada la rangi.

Basi hapo ndipo kazi hii ilipoanza kunieleweka. Neno "mpya" kwenye sheria linamtazama mlaji fulani mahali fulani. Kwa mtu wa meza yangu halitoshi. Swali ninaloanza nalo ni hili: nini kimebadilika? Mlaji amebadilika? Kipimo? Chungu? Mfuko?

Mfuko nimeutaja kwa makusudi. Mwaka 1980 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha taarifa kutoka Kenya ya watu waliopatwa na botulizimu baada ya kula kumbikumbi. Botulizimu ni ule ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli mpaka mtu anashindwa kuvuta pumzi, watu walikufa. Sasa kumbikumbi wana upya gani? Mvua ya kwanza ikinyesha, nani kati yenu hajawahi kukimbilia taa na beseni? Kumbikumbi wale walikuwa wamesafirishwa siku kadhaa wakiwa wamefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Bakteria anayetoa sumu hiyo hapendi hewa. Yumo kwenye udongo, kumbikumbi wanatoka kwenye udongo, na mfuko uliofungwa ukamtengenezea chumba. Bibi aliyewatandaza kwenye ungo na kuwaanika juani hakujua habari za bakteria asiyependa hewa, ila ungo ulijua.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nao ni muhogo. Muhogo ulikuja kutoka Amerika ya Kusini kwa meli za Wareno. Hapa ulikuwa mgeni, umekuwa mwenyeji. Muhogo mchungu una sayanaidi. Watu walijifunza kuuloweka, kuuvundika, kuuanika, na sumu ikatoka. Kwenye eneo la Bandundu, Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati huo, desturi ilikuwa kuloweka siku tatu. Kisha ikajengwa barabara nzuri ya kwenda Kinshasa. Malori yakaja, wanunuzi wakaja na haraka zao, na watafiti walipokwenda vijijini mwanzoni mwa miaka ya tisini wakakuta familia zinaloweka siku moja. Wakakuta na konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla na usioondoka, unaowakamata zaidi watoto na wanawake. Jina lenyewe ni la Kiyaka, lina maana ya miguu iliyofungwa. Na tusidhani ni ya Kongo peke yake. Tarime iliipata mwaka 1985 wakati wa ukame, Mtwara mwaka 2002 na 2003. Njaa ikibana, siku za kuvundika zinapungua.

Hakuna hata mmoja kati ya watu wale aliyekula kitu kigeni. Kule Bandundu kigeni kilikuwa lami.

Kwa hiyo jalada la chakula kipya likifika kwangu, kurasa ninazosoma polepole ni zile za utayarishaji. Waombaji wengi huzipa nusu ukurasa: "Malighafi huoshwa, hukaushwa na kusagwa." Hukaushwa kwa nini, jua au tanuri? Nyuzi joto ngapi? Saa ngapi? Nani anajua kama imekauka, na anajuaje? Nimewahi kumuuliza mwombaji swali hilo la mwisho akaniambia, "Mama, unaiuma tu." Nilimpenda kwa ukweli wake. Jalada sikulipitisha.

Sasa nije kwenye hesabu, maana walimu wenu watanishitaki nikiondoka bila hesabu. Mmefundishwa namna ya kuweka kikomo cha rangi au kihifadhi. Unawalisha panya vipimo mbalimbali, unatafuta kile cha juu kabisa ambacho hakikuwadhuru. Tuseme ni miligramu 500 kwa kila kilo ya uzito wa panya kwa siku. Unagawa kwa kumi kwa sababu mtu si panya, unagawa tena kwa kumi kwa sababu watu hawafanani, yupo mzee, yupo mtoto, yupo mwenye ini bovu. Unabaki na miligramu 5. Mtu wa kilo 60 anaruhusiwa miligramu 300 kwa siku. Safi, imekwisha, mnaweza kwenda chai.

Haijaisha. Hesabu hiyo inafanya kazi kwa kitu kinachotiwa kwa chembe. Chakula chenyewe kizima unakipimaje? Mtu anakula robo kilo ya viazi kwa mlo. Mara mia ya hiyo ni kilo 25. Hata ukipunguza kwa uzito wa panya, huwezi kumlisha panya mara mia ya mlo. Atashiba kabla hujafika mara kumi, na ukimlazimisha atadhoofu kwa kukosa virutubisho vingine, nawe utaandika kwenye ripoti kwamba viazi ni sumu. Hapa ndipo kitabu kinapofungwa na kazi inapoanza. Tunarudi kwenye mambo ya zamani kabisa: kitu hiki kinafanana na kipi tunachokijua, kina nini ndani yake kipande kwa kipande, nani amekila, kwa kiasi gani, kwa muda gani, na alipougua nani alijua.

Niwape vitu viwili nilivyovishika kwa mkono wangu, kimoja cha kujisifu na kingine cha aibu.

Cha kujisifu kwanza. Unga wa nyenje, mwombaji ameandika protini asilimia 60. Majibu ya maabara yanasema 60. Kila mtu ana furaha. Lakini maabara haipimi protini. Inapima naitrojeni, kisha inazidisha kwa 6.25. Kwa nyama na maharage inakaribia ukweli. Mdudu ana gamba, na kwenye gamba kuna kaitini, nayo kaitini ina naitrojeni ambayo haiwi nyama mwilini mwa mtoto. Kwa wadudu watafiti wamependekeza kizidisho cha 4.76. Fanyeni hesabu: 60 inashuka hadi 46 kasoro kidogo. Si kwamba unga ni mbaya, asilimia 46 bado ni protini nyingi sana. Ila lebo ile ingesomwa na muuguzi wa kliniki, naye angempimia mtoto mwenye utapiamlo vijiko vichache kuliko anavyohitaji.

Sasa cha aibu, na ni jalada lilelile. Nilikuwa kijana kazini, nimeshajiona mtaalamu kwa hilo la protini. Nimepitia bakteria, nimepitia unyevu, nimepitia madini, nimeandika rasimu ya kibali, nikaipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa amebakiza miezi kustaafu. Kwao ni Tanga. Akasoma, akavua miwani, akaniuliza: "Binti, mtu ambaye kamba wanamvimbisha midomo, huyu atajuaje?"

Nikanyamaza. Kamba, kaa, nyenje, senene, hawa ni ndugu. Wana protini inayofanana, tropomayosini, na mtu ambaye mwili wake unamkataa kamba unaweza kumkataa nyenje vilevile. Mtu anayesumbuliwa na vumbi la godoro naye yumo, kwa sababu ya wale wadudu wadogo wa vumbi. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, ilipotoa maoni yake Januari 2021 juu ya mabuu makavu ya mdudu wa unga, mdudu wa kwanza kupita kwenye tundu lao la sindano, ilisema bidhaa ni salama kwa matumizi yaliyoombwa na ikaweka wazi hatari hiyo ya aleji. Kibali kilipotoka Juni mwaka huo kikadai iandikwe kwenye lebo. Mimi miaka kadhaa kabla ya hapo nilikuwa karibu nipitishe uji wa mtoto, jamani, uji wa mtoto, bila neno hata moja. Bukoba hatuna kamba. Sikuwahi kumwona mtu aliyevimba kwa kamba, kwa hiyo halikunijia. Mzee wa Tanga alimwona shemeji yake.

Tangu siku ile sipitishi jalada la namna hiyo bila kumwonyesha mtu ambaye kwao wanakula tofauti na kwetu. Haimo kwenye mwongozo wowote.

Mnataka niseme kuhusu nyama ya maabara, ile inayokuzwa kutokana na seli za mnyama, najua, kuna mkono umenyooshwa pale nyuma tangu nilipoanza. Haraka haraka basi. Singapore iliruhusu kuku wa seli Desemba 2020, wa kwanza duniani. Marekani ikafuata Juni 2023. Italia, Novemba mwaka huohuo, bunge likapitisha sheria ya kukataza kabisa. Shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, na lile la afya, WHO, walikusanya wataalamu wakaorodhesha hatari 53 zinazoweza kutokea kwenye nyama hiyo, na nyingi ni zilezile tunazozijua kwenye vyakula vingine: bakteria, mabaki ya dawa, vitu vya aleji, uchafu wa mashine. Sayansi ni moja, majibu mawili. Hilo lisiwashangaze. Kuna anayepima na kuna anayeamua, na kule Ulaya wamewatenganisha hata majengo: EFSA iko Parma inatoa maoni, Tume na nchi wanachama wanaamua. Mimi ni mpimaji. Mtu akiniuliza kama ni halali namwelekeza kwa wenyewe; Baraza la Kiislamu la Singapore lilishatoa fatwa Februari 2024 kwamba inaweza kuwa halali kwa masharti, likiwemo la seli kutoka kwa mnyama anayeruhusiwa kuliwa. Na vyakula vya GMO, yaani vilivyobadilishwa vinasaba, vina sheria zake na meza yake. Majirani zetu Kenya walivifungia Novemba 2012, serikali ikafungua Oktoba 2022, kukafuata kesi mahakamani. Nisiingilie meza ya watu.

Ninachotaka kukisema hapa ni kingine, na ninakisema nikiwa na uchungu kidogo. Kila nikihojiwa redioni naulizwa kuhusu nyama ya maabara na wadudu. Watu wanaogopa kwelikweli. Mama mmoja alipiga simu studio akasema serikali inataka kutulisha mende. Hakuna siku niliyoulizwa kuhusu ugali.

Mwaka 2004, Mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu kwenye mahindi, 125 wakafa. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, wagonjwa 68, vifo 20. Mahindi ya nyumbani, yaliyolimwa na mwenye nyumba, yakahifadhiwa na mwenye nyumba. Kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo. Tani nzima ya mahindi, magunia kumi, haitakiwi kuwa na sumu inayozidi miligramu 10, yaani kiasi cha chumvi inayonata kwenye ncha ya kidole. Huioni, huionji, na kuipika hakuiondoi. Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye chakula tumegeuza: mgeni anapekuliwa mpaka soksi, mwenyeji anapita mlangoni na bunduki.

Sisemi mgeni asipekuliwe. Nauliza kwa nini bidii ile haivuki upande wa pili wa ukumbi.

Haya, nirudi kwa senene, maana nilianza nao na kuna jalada lao juu ya meza yangu hivi sasa. Kijana wa kwetu ameomba kusajili senene waliokaangwa, wamefungwa kwenye pakiti iliyovutwa hewa yote. Nilikwenda kwa bosi wangu nikamweleza kwamba mwombaji anatoka wilaya yangu na kwamba nafsi yangu ina upande. Akatafakari, akasema jalada litasomwa na watu wawili, mimi na mwenzangu wa Kilosa ambaye hajawahi kumtia senene mdomoni. Tunagombana vizuri.

Mwenzangu aliuliza maswali ambayo nisingeyauliza kamwe. Wanatoka wapi? Nikamwambia bibi yangu alisema wanashuka na mvua. Akaandika: "Chanzo hakijulikani." Na ana haki. Senene hafugwi, anakuja na kundi lake usiku, anafuata taa. Amepita shamba la nani, lililopuliziwa dawa gani? Nzige wa jangwani walipovamia Kenya mwaka 2020 watu walionywa wasiwale, kwa sababu walikuwa wamepuliziwa sumu. Nzige ni yuleyule, ila siku ile amebeba kitu kingine. Swali la pili: taa inavuta senene peke yao? La hasha. Inavuta na wale wadudu wembamba wekundu na weusi wanaobabua ngozi, na wakati wa kunyonyoa mabawa na miguu ndipo wanapotolewa kwa mkono. Kwenye mashine ya kijana nani anawatoa?

La kwangu lilikuwa pakiti. Hewa yote imevutwa. Mmeshaona ninakoelekea: nimekumbuka kumbikumbi wa Kenya. Senene wana mafuta mengi, yanaweza kufika karibu nusu ya uzito wao mkavu, na mafuta yakikutana na hewa yanachacha. Ndiyo maana kijana ameiondoa hewa, na kwa hilo amefanya akili. Lakini amemwondoa adui mmoja akamfungulia mlango mwingine, yule bakteria. Kinachobaki kumlinda mlaji ni ukavu. Kama maji yanayoweza kutumiwa na bakteria yameshuka chini ya 0.85 kwenye kile kipimo mnachokijua cha sifuri hadi moja, ambapo moja ni maji matupu, yule asiyependa hewa hawezi kuota. Pakiti mbili kati ya tano alizoleta zilikuwa juu ya hapo. Tatu zilikuwa chini. Maana yake tanuri lake lina pembe baridi, au kuna mtu anafungua mlango kabla ya saa yake.

Kisha kuna ndoto yake ya Ulaya, ambako watu wetu wapo na wanalilia senene. Sheria ile ya 2015 ina mlango mwepesi kwa vyakula vya asili vya nchi za nje: onyesha kwamba watu wamekila kwa usalama miaka 25 katika nchi angalau moja, na kama hakuna pingamizi la kiusalama ndani ya miezi minne, kinaweza kuingia. Fonio, nafaka ya Afrika Magharibi, ilipita mlango huo Desemba 2018. Sisi tuna zaidi ya miaka 25 mara nyingi tu. Tatizo ni maandishi. Nani aliandika mtu mmoja anakula kiasi gani kwa msimu? Nani aliandika ni nani hawali, na kwa nini? Nilimpigia mama yangu kumuuliza kikombe kimoja cha senene kinalisha watu wangapi. Akaniuliza, "Watu wenye adabu au watu wa kwenu?"

Kijana yule hakukata tamaa. Mwezi wa tatu alirudi na daftari la shule, lile la kurasa mia mbili lenye jalada gumu, kona zimeliwa na mende. La mama yake. Ameuza senene sokoni tangu kijana hajazaliwa, na aliandika: tarehe, vikombe, jina la aliyekopa. Hakuandika kwa ajili ya Parma. Aliandika kwa sababu watu hawalipi. Mwenzangu wa Kilosa alilikalia daftari lile siku nzima. Mwishowe akasema mauzo si ulaji, na ni kweli, lakini akaomba kijana alete na kikombe chenyewe. Akaleta. Cha bati, kimebonyea upande mmoja. Tulikipima maabara, kikiwa kimejaa na kikiwa kimefutwa juu kwa kisu, kwa senene wabichi na kwa waliokaangwa, na mwenzangu akaandika tofauti ya kile kibonyeo kwenye ripoti.

Watu hudhani tunaonja. Hatuonji. Pakiti za kijana ziko kabatini, zinafunguliwa kila mwezi kupimwa kama zimechacha. Siku ya kufungua ya mwezi wa tatu nilisimama mlangoni, harufu ikanijia mpaka nikaikumbuka kengele ya shule, nikarudi mezani kwangu. Za mwezi wa sita zinafunguliwa wiki mbili zijazo, na kijana ameshaambiwa alete nyingine kutoka pembe zote nne za tanuri.

Yule wa nyuma, shusha mkono, utauliza wa kwanza.